Ushauri kwa Anayetaka Kuishi kwa Saksafoni ya Bluzi

Vijana wanaonifuata baada ya onyesho huniuliza zaidi kuhusu solo, nami huwaambia wamsikilize kwanza mpiga saksafoni Eddie Shaw akiwa nyuma ya mwimbaji wa bluzi Howlin' Wolf. Katika bluzi ya Chicago gitaa na kinanda cha mdomo ndivyo vinavyotangulia, na mpiga saksafoni anayetaka kusikika muda wote hadumu katika bendi.

Duru ya kawaida, yaani mzunguko mmoja wa wimbo wa bluzi, ina vipimo (bar) 12, yaani mistari mitatu ya vipimo vinne vinne, na mara nyingi mwimbaji huchukua takriban nusu ya kila mstari kisha akanyamaza. Hapo ndipo petu. Mimi hujizoeza kwa kuimba maneno mwenyewe, saksafoni ikining'inia kifuani, halafu nikaitikia kwa noti tatu au nne tu. Ya tano, hata ikiwa tamu, humkanyaga mwimbaji anaporudi.

Jizoeze pia funguo za muziki wanazozipenda wapiga gitaa. Wao hupenda E na A kwa sababu ya nyuzi zinazolia bila kubanwa, ilhali saksafoni ya tenori ni chombo cha B-flati, yaani ukipuliza C husikika B-flati, kwa hiyo E yao kwako ni F-shapu na A yao ni B. Aliyezoea C na G peke yake, ambako vidole hujiendea vyenyewe, hutoka jasho jukwaani.

Shaw, aliyezaliwa Mississippi mwaka 1937 na kukulia Greenville, alichukuliwa na Muddy Waters, mwimbaji na mpiga gitaa wa bluzi, akiwa bado kijana, akahamia Chicago, kisha akaenda kwa Wolf. Huko hakuishia kupuliza: aliiongoza bendi, akasimamia kazi zake, na akaendesha klabu yake mwenyewe, 1815 Club. Ndiyo maana Wolf alipofariki mwaka 1976 bendi haikutawanyika, bali Shaw aliendelea nayo kwa jina la Wolf Gang, akiimba na kupuliza, hadi uzeeni. Alifariki Januari 2018 akiwa na miaka 80.

Wapulizaji hodari kuliko yeye walikuwepo, naamini, lakini wangapi walijua kushika daftari? Katika bendi yetu kazi hiyo niliiomba mwenyewe baada ya hoteli moja kutuzungusha malipo. Makubaliano sasa yanaandikwa, na ngoma hazipakiwi garini kabla malipo ya awali hayajaingia.