Kuingiza na kutoa fo-wili kwenye pikapu bila kuumiza transfa

Tope halivunji transfa, yaani sanduku la meno linalogawa nguvu ya injini kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma. Kinachoivunja ni dereva aliyetoka kwenye tope, akapanda lami na kuendelea na safari akiwa bado yuko H4, yaani fo-wili ikiwa bado imeingia.

Pikapu nyingi tunazoendesha huku kwetu, kama Toyota Hilux, Land Cruiser 79, Isuzu D-Max na Ford Ranger, zina fo-wili ya kuingiza na kutoa. Ukiwa H2, injini inasukuma magurudumu ya nyuma peke yake. Ukiweka H4, transfa inafunga propela (shafti ya kupeleka nguvu kwenye ekseli) ya mbele na ya nyuma pamoja, na kuanzia hapo zote mbili lazima zizunguke kwa kasi moja. Hakuna difu katikati ya kuzisawazisha. Sasa gari likikata kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma, kwa hiyo yanataka kuzunguka zaidi, na transfa haiyaruhusu. Kwenye tope, mchanga au moramu iliyolegea tairi huteleza kidogo na mambo yanaisha hapo. Lami haiachii tairi iteleze. Ile nguvu inabaki ndani, ikisokota ekseli, kros za propela na meno ya transfa.

Dalili zake utazisikia mwenyewe: usukani unakuwa mzito, tairi zinalia kwenye kona, na gari linajizuia kama vile hendibreki haijatolewa sawasawa. Hali huwa mbaya zaidi ukiwa unageuza gari kwenye uwanja wenye sakafu ya zege huku umekata usukani hadi mwisho. Ukisikia hivyo, usiongeze mafuta. Simama.

Yapo magari ambayo sheria hii haiyahusu. Mitsubishi L200 yenye mfumo wa fo-wili uitwao Super Select ina difu ya katikati, hivyo 4H yake inaruhusiwa kwenye lami, ila 4HLc, ambayo hufunga difu hiyo, hairuhusiwi. Baadhi ya Ranger mpya zina alama ya 4A, nayo inafaa barabara ya lami yenye utelezi. Kama gari lako halina alama za namna hiyo, chukulia kwamba H4 ni ya ardhi inayoteleza tu.

Kuingiza kunaanzia kwenye habu, kile kifaa cha katikati ya gurudumu la mbele kinacholiunganisha na ekseli. Land Cruiser 79 zenye habu za kufunga kwa mkono zinataka ushuke na kuzungusha zote mbili mpaka LOCK, na mshale ufike hasa kwenye alama. Habu iliyoishia katikati hula meno yake yenyewe. Tumia vidole, si plaizi. Ikiwa ngumu, sogeza gari mbele kidogo ujaribu tena. Fanya hivyo kabla ya kuingia kwenye tope, maana ukishakwama habu zinaweza kuwa zimezama na utakuwa unazitafuta kwa kupapasa. Msimu wa masika mimi nashauri zifungwe asubuhi na zibaki hivyo kutwa. Habu kuwa LOCK huku transfa iko H2 hakuleti madhara hata kwenye lami; unapoteza mafuta kidogo tu, kwa sababu ekseli na propela ya mbele vinazungushwa na magurudumu.

Hatari ni kinyume chake. Ukiweka H4 habu zikiwa FREE, taa ya fo-wili kwenye dashibodi inaweza kuwaka vizuri kabisa huku magurudumu ya mbele hayasukumi chochote. Ukiweka L4, yaani fo-wili ya mwendo mdogo na nguvu nyingi, katika hali hiyo, nguvu yote iliyozidishwa inaelekea ekseli ya nyuma peke yake, na hapo ndipo ekseli hukatika.

Hilux za miaka ya karibuni hazina habu za kuzungusha. Kifaa kilichoko kwenye difu ya mbele huunganisha ekseli chenyewe, na taa humeta mpaka kazi iishe. Taa inayometa maana yake haijaingia bado. Endesha taratibu mbele, rudi nyuma, cheza na usukani kidogo, itatulia.

Kutoka H2 kwenda H4 unaweza kubadilisha gari likitembea, mradi magurudumu yamenyooka na umetoa mguu kwenye mafuta. Vitabu vya magari mengi vinaruhusu mwendo mkubwa, lakini chini ya kilomita 40 kwa saa vyuma vinaungana kwa upole zaidi. Vuta mkono wa transfa kwa mara moja, bila kusitasita. Kosa baya kuliko yote hapa ni kuuvuta wakati magurudumu ya nyuma yanazunguka bure kwenye tope: propela ya nyuma inakimbia, ya mbele imesimama, na unazilazimisha zishikane ghafla. Ule mlio wa kusaga ni meno. Acha kwanza kila kitu kisimame.

L4 ni shughuli nyingine. Gari lisimame kabisa, klachi ikanyagwe mpaka chini, na kwa otomatiki gia iwe N huku umekanyaga breki. Ndipo upitishe mkono hadi L4 bila kuishia katikati. Transfa nayo ina N yake, na ikibaki hapo gari halishikiliwi na gia yoyote, hata P ya otomatiki. Kwenye mteremko litaondoka lenyewe. Vuta hendibreki kabla ya kugusa ule mkono. Ikigoma kuingia, mara nyingi ni meno yamekutana uso kwa uso: weka gia ya kwanza, achia klachi kidogo tu ili shafti ijizungushe, kanyaga tena, jaribu.

L4 huongeza nguvu kwa karibu mara 2 na nusu na kupunguza mwendo kwa kiasi hichohicho. Kwenye tope anza na gia ya pili, kwa kuwa ya kwanza huzungusha tairi kabla hazijashika. Kwenye miteremko mikali, kama ile ya kushuka kreta ya Ngorongoro au njia za udongo mwekundu za Usambara baada ya mvua, tumia gia ya kwanza na uiache injini ishikilie gari, mguu ukiwa mbali na klachi. Mchangani, kupunguza upepo hadi psi 18 hivi kunasaidia kuliko kukimbilia L4. Ila ukitoka hapo jaza upepo kabla ya kuongeza mwendo. Loki ya difu ya nyuma, ile inayolazimisha magurudumu mawili ya nyuma yazunguke pamoja, iwe ya dakika chache, gari likienda moja kwa moja, kwa sababu ikiwa imefungwa gari halikati kona vizuri.

Kutoa ndiko kunakowasumbua wengi. Usisubiri ufike kwenye lami. Toa ukiwa bado juu ya moramu, kwenye kipande kilichonyooka, mguu ukiwa mwepesi kwenye mafuta. Mkono ukirudi H2 lakini taa ikabaki inawaka, fo-wili haijatoka bado: meno yamebanwa na ile nguvu iliyosokotwa kwenye shafti. Kuulazimisha mkono kwa mikono miwili ni njia ya kupinda uma unaosukuma meno ndani ya transfa, na kuubadilisha ni lazima transfa ifunguliwe.

Badala yake, tafuta pembeni penye udongo. Nyoosha usukani, rudi nyuma mita 5 hadi 10, kisha huku gari likiserereka polepole kanyaga klachi na uvute mkono kwa nguvu ya kawaida. Kurudi nyuma kunasokotoa kile kilichosokotwa wakati wa kwenda mbele. Ikikataa, endesha kwenye udongo huo ukiyumbisha usukani kulia na kushoto taratibu, halafu rudia. Njia ya mwisho ni kuinua gurudumu moja la mbele kwa jeki. Kinga kwanza magurudumu mengine kwa mawe, na usiweke mkono wala mguu karibu na tairi, maana nguvu ikiachia, gurudumu huruka mzunguko kwa ghafla. Habu za kuzungusha zikigoma kurudi FREE tatizo ni hilohilo na dawa yake ni hiyohiyo. Magari ya zamani yenye habu za otomatiki yenyewe yanataka urudi nyuma mita 1 au 2 baada ya kuweka H2, la sivyo zitabaki zimeshika.

Fo-wili ikigoma kutoka kila mara hata ukifuata utaratibu, angalia tairi kabla ya kumlaumu fundi. Tairi ya 265/65R17 ina kipenyo cha milimita 776 hivi. Ukifunga mpya nyuma na kuacha mbele zilizolika milimita 7, kipenyo kinatofautiana kwa milimita 14, yaani takriban mita 18 katika kila kilomita, hata kwenye barabara iliyonyooka. Nunua nne kwa pamoja, au uwe unazizungusha mbele na nyuma kila kilomita 10,000. Upepo nao ufuate kibandiko kilichoko mlangoni.

Pikapu inayoshinda mjini nayo inahitaji kutumia fo-wili. Toyota wanashauri angalau kilomita 16 kila mwezi ili vyuma vya mbele vipate oili. Fanya hivyo kwenye barabara ya vumbi. Na ukivuka maji yaliyofika kwenye difu, fungua kizibo cha kujazia oili cha transfa na cha difu zote mbili siku hiyohiyo. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia: imwage yote, jaza mpya mpaka ifike ukingo wa tundu, kisha fuatilia mpira wa kupumulia juu ya difu uone ulipochomoka au kupasuka, kwani mara nyingi maji hupitia hapo.