Kiwanja cha kando ya mto: usitoe fedha kabla hujauona mchoro

Usilipe hiyo fedha. Umeandika kwamba kiwanja unachotaka kununua kiko Goba, hapa Dar es Salaam, kinateremka hadi kwenye kijito, kwamba dalali amekuhakikishia bonde lote litaingizwa kwenye urasimishaji, yaani kupimwa na kutambuliwa rasmi kwa makazi yaliyojengwa bila mpango, na kwamba mwenyekiti wa mtaa yuko tayari kugonga muhuri kwenye karatasi ya mauziano. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi, upande mwingine wa jiji hili, na nyumba niliyoijenga kwa kuyaamini haipo tena.

Nilikuwa na karatasi yenye mashahidi wa pande zote mbili, saini ya mjumbe na muhuri wa serikali ya mtaa, ambayo ilichukua asilimia 10 ya bei kama ilivyozoeleka. Nikajenga kwa awamu, msingi kwanza, kisha tofali, kisha nikapaua. Urasimishaji ulipofika tulichanga fedha kwa kila kaya, wapimaji wakaja, na siku mchoro wa mipango miji, unaoonyesha kila kipande cha ardhi na matumizi yake, ulipobandikwa ofisini kwa mtaa, majirani wa juu ya mteremko walizikuta namba za viwanja vyao, wakati safu yetu nzima, kutoka daraja hadi kwenye mkuyu, ilikuwa imepakwa rangi ya kijani, yaani hifadhi ya mto isiyojengwa. Hatukuonewa na wapimaji. Bonde lile lilikuwa limetengwa katika mipango ya manispaa kabla dalali hajaanza kulikatakata, na mtu yeyote aliyetaka kujua angeweza kwenda kuuliza. Alama ya X nyekundu ya kubomolewa ilifuata, na fidia haikuwapo.

Ninachoshindwa kumsamehe mwenyekiti yule ni kwamba alikuwa akihudhuria vikao vya kata ambako suala la bonde lilijadiliwa, na bado aliendelea kugonga muhuri. Muhuri wa mtaa unaonyesha kwamba watu wawili wameuziana mbele ya mashahidi. Hauwezi kugeuza hifadhi ya mto kuwa makazi, na mabadiliko ya matumizi ya ardhi yana utaratibu wake chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, ambao hauanzii wala kuishia kwa mwenyekiti.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaihesabu ardhi ya namna hiyo kuwa hatarishi. Dalali atakuambia kwamba kiwanja chako kiko mita 70, na huenda leo anasema kweli. Lakini ukingo wa mto hautulii. Wakati wa kiangazi utakikuta kijito unachoweza kukiruka, chenye matete huku na huku, na vijana wakichota mchanga wa kuuza. Masika ikifika, maji yanayoteremka kutoka kwenye mapaa na barabara za juu hayakuti tena matete wala mizizi ya kuyapunguza kasi, yanaukata udongo wa ukingo kutoka chini, na kipande kizima kinaporomoka pamoja na migomba iliyokuwa juu yake. Mwaka unaofuata mita 70 zimekuwa 55, nawe uko ndani ya zuio bila kuhama hata hatua moja.

Kwa hiyo ule ukanda wa kijani unaouona kuwa ardhi ya bure ndio unaowalinda walio juu yake na walio chini yake. Bonde la mto Msimbazi, katikati ya jiji, limetufundisha hayo kwa gharama kubwa: mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu, waliookoka wakahamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji, na mwishoni mwa 2015 tingatinga zikarudi kuvunja nyumba za waliokuwa wamebaki au kurejea. Wengi wao walikuwa na karatasi zenye mihuri kama hiyo unayoahidiwa.

Nenda mwenyewe idara ya mipango miji ya manispaa, usimtume dalali na usikubali picha ya simu. Omba kuonyeshwa mchoro uliosajiliwa wa eneo hilo, usome matumizi yaliyoandikwa juu ya kipande chenyewe na siyo juu ya mtaa kwa jumla, kisha mlipe mpimaji mwenye leseni apime kutoka kwenye ukingo ulivyo sasa na kukupigia vigingi. Muuzaji akimkatalia mpimaji kuingia, umeshapata jibu lako.

Umeuliza pia jinsi mtaa wenu unavyoweza kujenga nyumba bila kulimaliza bonde. Katika mkutano wa urasimishaji dai mambo mawili. La kwanza ni kwamba mpaka wa hifadhi ya mto uwekewe mawe ardhini siku ile ile viwanja vinapowekewa, kwa sababu rangi ya kijani inayobaki kwenye karatasi tu huuzwa tena ndani ya msimu mmoja. La pili ni kwamba ardhi ya juu, iliyo imara, iruhusiwe kuwa na viwanja vidogo na nyumba za ghorofa, ili familia zinazotafuta mahali pa kukaa zipate nafasi huko badala ya kusukumwa bondeni. Peleka hoja hizo kwa maandishi kabla mchoro haujaidhinishwa, na uhakikishe zimeingia kwenye muhtasari wa kikao.