Wasomaji Wanauliza: Mmiliki wa Kikundi Keshaondoka, Tufanyeje?

SWALI: Kazini tunatumia Active Directory, mfumo wa Windows wa kusimamia akaunti na vikundi vya watumiaji. Vikundi vingi vilitengenezwa na mfanyakazi wa TEHAMA ambaye sasa amehamishiwa idara nyingine. Nimeingia kwenye kichupo cha Managed By, nikamtoa na kumweka mkuu wa uhasibu, lakini nikitazama usalama wa kikundi bado yule wa zamani ndiye mmiliki. Nimekosea wapi?
Msomaji, Arusha

JIBU: Hujakosea, ila umebadilisha kitu kingine. Managed By ni sehemu ya kuandika jina la msimamizi tu. Peke yake haimpi mtu ruhusa yoyote. Mmiliki halisi huhifadhiwa kwenye maelezo ya usalama ya kikundi, na huyo hata akifutwa kwenye orodha ya ruhusa bado anaweza kuzisoma ruhusa hizo na kuzibadilisha apendavyo. Kwa hiyo huyo ndugu aliyehamishwa, maadamu akaunti yake inafanya kazi, anaweza kujirudisha ndani wakati wowote. Angekuwa amefutwa kabisa, ungeona namba ndefu inayoanza na S-1-5-21 mahali pa jina. Hiyo inachafua macho tu, kwa sababu namba hiyo hapewi mtu mwingine.

Chanzo ni hiki: kikundi kikitengenezwa na mwanachama wa Domain Admins (wasimamizi wakuu wa domeini, yaani mtandao unaoendeshwa na Active Directory), mmiliki huwa kikundi cha Domain Admins. Kikitengenezwa na mtu aliyekasimiwa kazi hiyo tu, mmiliki huwa yeye binafsi.

Kwa kikundi kimoja, fungua Active Directory Users and Computers, nenda View, washa Advanced Features (bila hiyo kichupo cha Security hakionekani), kisha Properties ya kikundi, Security, Advanced. Juu, penye Owner, bofya Change uandike Domain Admins. Kwa vikundi vingi tumia PowerShell, dirisha la Windows la kuandikia amri, na kwa kila kimoja mistari ni hii:

Import-Module ActiveDirectory
$njia = 'AD:\CN=Wahasibu,OU=Vikundi,DC=mfano,DC=local'
$acl = Get-Acl $njia
$acl.SetOwner([System.Security.Principal.NTAccount]'MFANO\Domain Admins')
Set-Acl -Path $njia -AclObject $acl

Ukikataliwa kwa ujumbe kwamba kitambulisho hicho hakiwezi kuwekwa kuwa mmiliki, akaunti yako haina uwezo wa kumpa mtu mwingine umiliki. Ruhusa ya kutwaa umiliki hukuwezesha kujiwekea wewe mwenyewe. Kumwekea mwingine kunahitaji haki ya kurejesha faili na folda, ambayo Administrators wa domeini wanayo. Fungua PowerShell kama msimamizi kamili, maana dirisha la kawaida hukata haki hizo.

Wengine hufikia hapa wakataka kuwafanya wahasibu wenyewe kuwa wamiliki. Tusingeshauri. Mmiliki anaweza kumpa yeyote ruhusa yoyote juu ya kikundi, ilhali wao wanahitaji kuongeza na kutoa majina tu. Hapo ndipo Managed By inapofaa: weka kikundi cha wakuu wa uhasibu, kisha tia alama kwenye Manager can update membership list. Dirisha la kutafuta halionyeshi vikundi mpaka ubofye Object Types uchague Groups. Ukitumia Set-ADGroup -ManagedBy, jina litabadilika lakini alama haitawekwa, na msimamizi mpya atabaki kulalamika kwamba hawezi kuongeza mtu. Na kwa vikundi vinavyolindwa kama Domain Admins, usihangaike: kila dakika 60 mfumo hurudisha ruhusa zake kutoka AdminSDHolder, kiolezo cha ruhusa za vikundi hivyo.

SWALI: Kompyuta tuliyoipangia upya Windows inakataa kuingia kwenye domeini kwa jina lake la zamani. Inasema akaunti ya jina hilo ipo na sera ya usalama imezuia kuitumia tena.
Msomaji, Mombasa

JIBU: Ni masasisho ya Oktoba 2022. Tangu hapo akaunti ya kompyuta iliyopo haitumiki tena ovyo. Anayeiingiza awe ndiye aliyeitengeneza, au iwe ilitengenezwa na msimamizi wa domeini. Fungua C:\Windows\debug\netsetup.log utafute msimbo wa kosa 0xaac, uhakikishe ndilo tatizo lenyewe.

Kufuta akaunti ya zamani ni rahisi, ila huondoka na uanachama wake wa vikundi na funguo za BitLocker (za kufungulia diski iliyofungwa kwa usimbaji) zilizohifadhiwa chini yake. Zitoe kwanza. Njia iliyo nzuri zaidi ni sera ya Domain controller: Allow computer account re-use during domain join, iliyokuja na masasisho ya Machi 2023: itie kwenye domeini kontrola (seva inayoendesha domeini), uweke humo kikundi cha akaunti mnazotumia kuingiza kompyuta, kisha mmiliki wa akaunti ya kompyuta hiyo awe mmoja wao. Kama ni mfanyakazi aliyeondoka, mbadilishe kwa mistari ile ya juu. Masasisho hayo yawe kwenye seva na kwenye kompyuta yenyewe, vinginevyo sera haitaonekana kufanya lolote. Usiweke Authenticated Users au Everyone humo. Ukifanya hivyo umefungua mlango ule ule uliokusudiwa kufungwa.