Dairekta, vaa hedifoni

Wadogo zangu wa Dodoma, kiangazi kimefika na mmeanza tena. Kamera ya kukodi kwa bei mbaya, taa tatu, mwigizaji kapakwa poda akapakika, halafu maiki imeachwa juu ya kamera, mita nne kutoka mdomoni, na upepo wa Agosti unapuliza. Mhariri akifungua faili anasikia lori linapanda mlima.

1. Kwa hiyo tuanze na sauti. Upepo unasukuma kiwambo cha maiki chenyewe, na mngurumo wake unaingiliana na sauti nzito ya mwanaume. Ukijaribu kuutoa kwa programu, unamla na mwigizaji. Ile sponji nyeusi ni ya ndani. Nje ivishe maiki koti la manyoya. Washa kichujio cha hezi 80, kinachokata mngurumo wa chini. Bumu, ile fito ndefu yenye maiki, ije kutoka juu, nusu mita hadi mita moja kutoka mdomoni, nje kidogo ya fremu. Kwenye mita ya kinasa sauti, mazungumzo yacheze kati ya desibeli -20 na -12. Anayefoka asiguse sifuri, maana sauti iliyopasuka haishoneki.

Mkiingia ndani mnadhani mmepona. Nyumba ya bati ina yake: jua likipanda bati linatanuka, tak, tak, na wingu likipita linaanza upya. Tulieni dakika mbili msikilize kabla ya kuita eksheni. Zimeni feni. Zimeni friji, na funguo za gari ziwekwe humo humo ndani ya friji, msije mkaondoka mkamwachia mama mwenye nyumba nyama iliyooza. Sini ikiisha, kila mtu kimya sekunde 60, maiki pale pale, mrekodi ukimya wa chumba. Mhariri anaziba nao kati ya teki na teki, yaani kila mara mliporudia kupiga sini; asipokuwa nao, kila alipokata panasikika shimo. Dakika hiyo hiyo ndipo mtu wa chakula hufunua hotpoti, kwa hiyo aonywe mapema.

Na hedifoni uvae wewe dairekta pia. Mtu wa sauti anawinda kelele. Sentensi iliyosemwa bila roho si kazi yake kuisikia.

2. Umeme wetu ni hezi 50. Weka fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50 ya sekunde, taa hazitapepesa kwenye picha.

3. Jua la saa sita linachimba mashimo meusi chini ya nyusi. Mchana fanyeni sini za ndani, nje mtoke asubuhi na kuanzia saa kumi. Mwanga wa dhahabu ni nusu saa hivi, basi mazoezi yaishe kabla. Kila jioni lazima utakuta seti inabishana kuhusu shati huku jua linazama: mikono ilikunjwa au haikukunjwa? Mpigeni kila mwigizaji picha ya simu sini inapoisha, na glasi ya soda pia, ionekane imebaki kiasi gani.

4. Wawili wakizungumza, chora mstari kati yao, kamera ibaki upande mmoja. Ukiuvuka hovyo, wataonekana wote wanamtazama mtu wa tatu ambaye hamkumlipa.

5. Kibali Bodi ya Filamu, kisha serikali ya mtaa. Droni ni TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Kule Mtumba, kwenye mji wa serikali, "tunachukua shoti moja tu" haimsaidii mtu. Mlinzi hahesabu shoti.

6. Kadi isifutwe mpaka nakala ziwe mbili, diski mbili tofauti, na mwenye ruhusa ya kufuta awe mtu mmoja anayejulikana kwa jina, si yeyote aliyekaa karibu na kompyuta.