Laptopu ya zamani haioni Wi-Fi ya ruta mpya

Pole ndugu. Kwa maelezo yako, simu inaunganika vizuri tangu ruta mpya ifungwe, ila laptopu ya zamani hata jina la mtandao hailioni. Usikimbilie kufuta Windows wala kununua mashine nyingine.

Kadi nyingi za Wi-Fi za zamani (kadi ni kifaa cha ndani ya laptopu kinachonasa mtandao) zinapokea masafa ya 2.4 GHz tu. Ruta ikirusha masafa ya 5 GHz peke yake, laptopu haitaona kitu hata ukiiweka ubavuni mwa ruta. Ingia kwenye mipangilio ya ruta kwa simu, washa 2.4 GHz na uipe jina lake tofauti, kisha weka chaneli 1, 6 au 11, maana kadi nyingine hazisomi chaneli 12 na 13. Tazama na upande wa usalama: WPA3, mfumo mpya wa kulinda Wi-Fi, ilitangazwa 2018, na kadi za kabla ya hapo mara nyingi haziielewi. Chagua WPA2, mfumo uliotangulia, yenye AES (njia ya kuficha data). Tafadhali usirudi kwenye WEP, mfumo wa zamani zaidi, hata mtu akikushauri. Ilishavunjwa siku nyingi.

Ikianza kuonekana lakini inakatika-katika, fungua orodha ya vifaa (Device Manager) ndani ya Windows, bonyeza kadi ya Wi-Fi, nenda sehemu ya umeme (Power Management) na uondoe tiki inayoruhusu kompyuta kuizima. Draiva, yaani programu inayoendesha kadi hiyo, ichukue kwa mtengenezaji wa laptopu yenyewe.

Ikigoma kote huko, adapta ndogo ya USB inayopokea masafa yote mawili itatosha. Ukikwama, andika hapa modeli ya laptopu na ya ruta.