Bwana yangu hakupigwa risasi, sasa kichwa yake iko na nini?

SWALI: Docta, mimi ni mama wa hapa Lubumbashi, Katuba. Bwana yangu alikuwa soda, ni kusema askari wa jeshi, miaka mingi ku mortie, ile silaha ya kurusha bombe, kule mashariki na ku mazoezi. Risasi haikumupata hata siku moja. Lakini tangu arudi, masikio inalia ngiii usiku wote, kichwa inamuuma, halali, mutoto akiangusha sahani anafoka. Juzi alisimama ku mlango ya lupango, funguo iko mu mkono yake, ananiuliza funguo iko wapi. Ndugu zake wanasema namuroga. Ku hospitali walipiga skana, wakasema ubongo iko muzuri. Njo anadanganya?

JIBU: Mama, hadanganyi, na wewe haumurogi, hayo maneno uyaweke mbali kabisa. Inawezekana sana ni ile mortie yenyewe. Bombe ikitoka, upepo wa nguvu unamupiga yule anayeipiga, unapita mu kichwa bila kidonda inje. Mara moja mtu anaweza kupona, lakini ukipiga leo, kesho, miaka na miaka, ubongo unaumia pole pole. Watu wanangoja bombe ya adui, kumbe ni silaha yake mwenyewe, tena hata ku mazoezi!

Mwaka 2016 waganga wa Marekani walitoa matokeo ya ubongo za basoda waliokufa ambao walikuwa wamepitia milipuko: ku darubini walikuta makovu madogo, na skana ya kawaida haioni makovu ya namna hii, njo maana picha yake ilitoka safi. Basoda wao waliopiga mizinga ya milimita 155 kule Syria, juu ya Daesh, kundi la wapiganaji la Islamic State, wengi walirudi na malalamiko kama ya bwana yako.

Woga wa vita nao unaweza kuleta usingizi mbaya na hasira, na mara nyingi viwili vinakaa pamoja, kwa hiyo umupeleke kwa munganga wa mishipa ya ubongo. Mumuambie silaha gani, miaka ngapi, alisimama karibu namna gani, kwa sababu waganga wenyewe mara nyingi hawaulizi. Dawa ya kufuta kovu haiko, lakini usingizi, kichwa na masikio vinaweza kusaidiwa. Lutuku, ile pombe kali, aache. Akianza kusema anataka kufa, usimuache peke yake, toa silaha mu nyumba, mwende siku ileile.

Na shemeji mmoja awasindikize, asikie mwenyewe maneno ya munganga.