Kinga ya radi ipo, mbona poti za swichi bado zinaungua?

SWALI: Habari fundi. Kamera 2 za nje zimeunganishwa na swichi ya mtandao kwa kebo ya shaba ya mita 60 hivi, na umeme wake unapita humohumo (PoE). Radi ikipiga, hata mbali kidogo, poti zake zinakufa, ingawa swichi imechomekwa kwenye ekstensheni yenye kinga. Nimenunua vikinga vya RJ45 (vya kuchomeka kwenye kebo ya data). Vinatosha? Na je, vitasaidia kebo hiyo ikigusana na waya wa umeme wa nyumba?

JIBU: Ekstensheni yako haina kosa. Inalinda umeme wa ukutani, na balaa lako linaingilia kwenye kebo ya data.

Si lazima radi iguse kebo. Ikipiga karibu, nyaya zote 8 hupanda volti kwa pamoja dhidi ya ardhi. Ndani ya poti mna vitransfoma vinavyotenga kebo na chipu, na kiwango cha Etheneti huvitaka vihimili volti 1,500 za AC kwa dakika 1. Zikizidi sana, umeme unaruka. Fungua swichi iliyokufa uchungulie nyuma ya soketi: mara nyingi utaona masizi yametambaa kwenye bodi kutoka kwenye pini hadi kwenye bati.

Vikinga vinafaa, lakini uhai wake ni ule waya wa kijani unaopeleka umeme wa radi kwenye ethi (ardhini). Kila mita ya waya ina indaktansi (ukinzani dhidi ya mkondo unaobadilika ghafla) ya mikrohenri 1 hivi. Wimbi la ampea 3,000 linalofika kileleni kwa mikrosekunde 8 huacha takriban volti 375 kwa kila mita. Ukiacha mita 4, swichi inapokea volti 1,500 na kinga ipo palepale! Niliwahi kukuta waya huo umeviringwa raundi kumi na kufungwa kwa ustadi nyuma ya kabati. Ulipendeza kweli. Ukate uwe mfupi, unyooke, na uuunge kwenye ethi ileile ya swichi, si kwenye msumari wa peke yake huko nje. Upande wa kamera nao unataka kinga yake.

Hakikisha pia kinga imetengenezwa kwa ajili ya PoE. Mrija wa gesi ulio ndani yake, unaowaka volti zikizidi na kuzipeleka ardhini, ukishawaka hubaki na volti 10 hadi 20 tu, kwa hiyo zile volti 48 za PoE zinaweza kuendelea kuuwasha radi ikishapita.

Kugusana na umeme wa nyumba ni ugonjwa mwingine kabisa. Radi hupita kwa mikrosekunde. Umeme wa nyumba haupiti, unakaa. Volti 230 zina kilele cha 325, hivyo mrija unaowaka kwa volti 90 utawaka kila nusu mzunguko, mara 100 kwa sekunde kwenye hezi 50, ukichemka mpaka kitu kiungue. Bila kinga, vile vitransfoma huenda vingevumilia! Ndiyo maana napendelea mrija wa zaidi ya volti 400, wenye klipu ya joto inayoufunga kwenda ardhini ukipata moto, ili fyuzi au breka ikate. Na kebo ya data isipite bomba moja na ya umeme.

Kama kamera ziko kwenye jengo lingine, mimi ningevuta faiba (kebo ya nyuzi za kioo inayopitisha data kwa mwanga) isiyo na chuma ndani, kamera zichukue umeme wa hukohuko.